Mwanzi, kwa A

Jumatatu, 4 Mei

Ushindi uko njiani! Shangazi amekwenda kwa bintiye aliyejifungua na kuniachia nyumba wiki nzima. Akirudi akaridhika, chumba cha nyuma ni changu. Asiporidhika anampa binamu yangu, fundi cherehani, aweke mashine zake. Nami nina hadi mwisho wa mwezi kuhama ninapokaa. Mwenye nyumba amenichukia kwa sababu nilisahihisha tangazo lake la mlangoni. Makosa saba, jamani. Ningenyamaza?

Masharti kaacha mezani: “Mwenzi wangu yuko chumba cha nyuma. Mpe glasi moja ya maji kila asubuhi. Mwambie habari za mtaa. Usimsumbue.”

Nikaenda kuangalia. Kiti, stuli yenye glasi, na chungu kikubwa cha mwanzi wa mapambo uliofika darini. Mtu hakuna. Kumbe ni mwanzi! Nilicheka peke yangu. Shangazi aliishi na mwalimu wa Kiswahili miaka thelathini, na bado a na e zinampiga chenga. Marehemu mumewe alikuwa mkali wa imla. Darasa la nne alinipa sifuri.

Nikachukua kalamu nyekundu. Mwanzi wangu uko. Upe. Uambie. Usiusumbue. Kisha nikaumwagia ndoo nzima, maana glasi moja ni uchoyo. Glasi nikaijaza nikaiacha hapo stulini, ipendezeshe chumba.

Jumanne, 5 Mei

Glasi tupu. Joto la siku hizi si mchezo.

Lakini karatasi! Kila sahihisho langu limefutwa, e imerudishwa, kwa penseli, mwandiko wa kunyooka. Chini yake: “2/10. Rudia.”

Binamu! Nikamfuata dukani kwake. Akasema, bila kuinua macho kwenye cherehani, kwamba hajaingia nyumba ile tangu msiba wa mwalimu, na akitaka kumsalimu shangazi humwita kutoka barabarani. Nikamwambia aache unafiki. Nimebadilisha kitasa cha chumba cha nyuma. Sentensi nimeziandika upya, kwa herufi kubwa, na karatasi nimeifungia humo.

Alhamisi, 7 Mei

“3/10.” Kitasa ni kipya, dirisha lina komeo. Binamu ni hatari kuliko nilivyodhani.

Balaa zaidi: majani yamekuwa manjano. Shangazi akiyaona hivi, chumba kimekwenda. Nikakimbilia kwa mama muuza maua wa njia panda. Akaniuliza nauwekea maji kiasi gani. Nikamtajia ndoo. Akaniangalia kwa huruma. Mwanzi wa chungu, akasema, hupenda udongo wenye unyevu lakini hautaki kusimama majini. Nichomeke kidole kwanza. Kikitoka na unyevu, nisimwage kitu. Nitazame tundu la chini. Shina lililooza nilikate.

Nikalaza chungu. Tundu limezibwa na kifungo cha koti. Nikakichomoa, maji yakatoka kwa kasi. Kisha nikakata shina moja kwa msumeno. Kisiki kilichuruzika hadi alasiri, nami napangusa kwa kiganja. Maji yenyewe vuguvugu. Chumba chote kikanuka chaki.

Niliogopa. Naandika hapa tu, ambapo binamu hatasoma.

Ijumaa, 8 Mei

Machipukizi! Matano kwa mpigo, pale pale nilipokata. Manne yamejipanga bega kwa bega, la tano, fupi na nene, limekaa pembeni. Hiyo ndiyo afya. Mkono wangu una baraka.

Nimeamua kufuata na sharti la habari za mtaa. Kiti nilikiacha, kilikuwa na joto, sijui kwa nini, jua halifiki upande ule. Nikakaa sakafuni. Nikaueleza mwanzi kwamba binamu anashonea watu suruali kwa nyuzi mbovu. Majani yakacheza kidogo bila upepo, kama mtu anayesikiliza. Nikaongeza chumvi: kwamba aliiba kitambaa cha bibi harusi. Yakatulia yote kwa pamoja.

Nikajikuta nimesema, “Samahani, mwalimu.” Ulimi hauna mfupa!

Jumapili, 10 Mei

Shangazi amepiga simu. Mtoto hajambo, mzazi hajambo. Kisha akauliza, “Na mwenzi wangu je?”

Nikajibu kwamba haujambo, umechipua, na majani yanarudi kijani.

“Mwanangu, mwanzi naujua, nimeupanda mwenyewe. Mimi nakuuliza mwenzi.”

Nikamweleza kwa upole kwamba ni mwanzi, kwa a, na kwamba mti hauitwi yeye. Nyuma yangu nikasikia mlango wa chumba ukifunguka wenyewe, taratibu, ingawa kitasa changu kipya nilikifunga mwenyewe. Nikaendelea kueleza ngeli, nimeupa mlango mgongo.

“Basi,” akasema shangazi. “Maadamu mnaelewana.”

Jumatatu, 11 Mei

Nimeshinda! Shangazi amerudi mchana, akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango. Nilimsikia akizungumza muda mrefu na kucheka. Akatoka na macho yenye furaha, akaniambia nimekubaliwa. Hakusema na nani. Wazee!

Binamu amekuja kunipongeza. Alisimama barabarani, akanipa mkono juu ya uzio, wala hakuwa na kinyongo. Akaniuliza kama nina uhakika. Wivu huo. Nikamjibu chumba nimekipigania kwa jasho langu.

Jioni nimeingiza kitanda. Hakienei vizuri, mwanzi umeshika upande mzima wa dirisha. Kesho shangazi akienda sokoni nitaukata wote, nitundike pazia.

Ufunguo wangu amenirudishia ndani ya bahasha, na karatasi: “Chumba ni chenu.” Chenu! Miaka yote nilikuwa nimemdharau, kumbe anajua wingi wa heshima. Sijawahi kuheshimiwa hivi katika ukoo huu.