Mbawakawa wa Jina Langu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimepata kibarua! Daktari Bochaberi, mtaalamu wa wadudu kutoka Nairobi, amekuja kuainisha mbawakawa weusi wa vilima vya mchanga vya Shela. Mimi nabeba makopo, Mselem anabeba maji. Hasidi huyo! Naye anamtaka Sundus, msichana nimtakaye mimi.

Daktari kasema mdudu asiyejulikana hupewa jina, hata la mtu. Moyo wangu paa! Kwani shida yangu ni jina. Tangu niwauzie watalii mchanga kwa chupa za achari zisizooshwa pilipili, na mmoja akajifikicha macho, mtaa wetu wote wa Langoni, hapa Lamu, waniita Chupa. Jina langu halisi, Abdulwahid, wamelisahau. Na Bi Huwaida, mamake Sundus, ameapa hamwozi bintiye kwa Chupa. Daktari amepanga chumba kwake, basi habari njema itafika upesi.

Jumanne, 5 Agosti

Daktari huwapanga kwa urefu wa miguu, mifuo ya mgongo, pingili za vipapasio. Wote wanajulikana! Nisubiri mpaka lini? Nimeiba liwa, manukato ya kujipaka ya dada yangu Umi, nikamchora mbawakawa mistari mgongoni. Nimekaza uso, nikampeleka.

Daktari kamnusa. Kasema huyu ni wa kwanza kumwona anayetoka harusini. Mselem kacheka mpaka kamwaga maji. Nilidhani nafukuzwa. Kaniambia nikamwoshe tu. Alhamdulillahi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimempata! Wa kweli, bila liwa. Miguu mirefu, mifuo ya ajabu. Daktari kafunua kitabu mbele na nyuma, hayumo. Kasema akithibitika mgeni kwa wataalamu, atampa jina langu.

Ya nini kungoja athibitike? Nimetangaza kuanzia msikitini hadi kwa muuza mahamri. Bi Huwaida kaniita Bwana Abdulwahid! Kasema nilete wazee kesho kutwa, baada ya sala ya Ijumaa.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa! Daktari kamgusa mdudu wangu kwa kijiti. Mdudu kabong'oa! Kichwa mchangani, matako juu, akatoa uvundo mpaka nikatokwa machozi. Daktari kafurahi. Kasema hiyo ndiyo sifa yake, atapigwa picha vivyo hivyo, jina chini.

Jina langu!  Mselem kainama, kainua matako, kaenda zake. Yarabi! Lamu jina la utani halifutiki. Chupa angalau haibong'oi. Wajukuu zangu wataitwa wajukuu wa Bwana Bong'o.

Nimemwendea Daktari, nikambembeleza ampe Mselem heshima hiyo. Nimemsifu kijana mwema, mcha Mungu. Mola anisamehe. Daktari machozi yakamlenga. Kasema hajaona mtu mkarimu namna hii.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikupata usingizi. Asubuhi Daktari kaja na uso wa matanga. Kaletewa picha kutoka jumba la makumbusho: mdudu si mgeni. Mjerumani mmoja alishampa jina zamani, jina la mjomba wake. Daktari kanipa pole. Pole ya nini? Nusura nimkumbatie, nikakumbuka adabu. Maskini mjomba!

Lakini wazee walikwishavaa kanzu, nami sina mdudu. Nimeingia kwa Bi Huwaida hivyo hivyo. Kumbe Daktari kamsimulia yote: jinsi nilivyotaka kumwachia Mselem fahari yangu. Bi Huwaida kasema mwenye moyo kama huu na aitwe Chupa, aitwe hata Pipa, ndia ni nyeupe, apite. Nyuma ya mlango nikamsikia Sundus akicheka. Nimeposa, nimekubaliwa! Nimepumua kwa mara ya kwanza tangu jana.

Mselem kala biriani bila kuniangalia.

Jumamosi, 9 Agosti

Raha tupu. Daktari kaaga, na katika kuaga kataja kuwa mwenzake yuko Kiunga, anaainisha konyeza, wale wanyama wa bahari walio kama ute. Kasema huenda mmoja ni mgeni.

Mgeni! Sasa kuna zawadi gani ya kumpa mama mkwe ishinde hiyo? Nimeshapeleka ujumbe Kiunga, konyeza huyo apewe jina lake, na muuza mahamri nimeshamwambia: dunia nzima itamjua Bi Huwaida. Safari hii sikukurupuka, nimeuliza sifa kwanza. Hanuki. Hana matako. Huwasha tu, na ni kwa aliyemgusa.