Udongo Wetu Hauzami

Jumatatu, 4 Agosti
Kazi nimepata! Nafagia chumba cha wapimaji waliokuja hapa Salale, nawachotea na maji. Warda wangu mgongoni, kalala kama mtoto wa waziri. Injinia Hemedy kanionesha mashine mbili. Kila moja ina udongo wa chini ya bahari ndani ya pete ya chuma, umelowekwa kwenye kikombe cha maji, juu yake vyuma vizito vinaukandamiza. Pembeni kuna saa ya mshale. Mashine moja ni ya upande wetu, ya pili ya ng'ambo, kwa kina Mwanaamina. Upande utakaofaa ndiko gati litakakojengwa. Gati! Abiria! Vitumbua vyangu! Warda atasoma mpaka avae miwani.

Jumanne, 5 Agosti
Mshale wetu unakimbia, wa ng'ambo unajikokota. Tunaongoza! Kisimani nimetangaza, na kigelegele juu. Mwanaamina, muuza vitumbua mwenzangu, kaniambia, "Ushindi huo kaulize vizuri, Mama Warda." Wivu tu.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeuliza. Mshale ukikimbia, ndiyo udongo unadidimia. Yaani nimepiga kigelegele kwamba tunazama! Mwanaamina kapita makusudi kuuliza gati letu litakuwa la watu au la kaa.

Lakini kasoro nimeiona. Udongo wanauloweka! Nyumba yangu nimeikandika mwenyewe, nikiwa na tumbo la Warda, na ukuta haukushika mpaka ulipokauka. Injinia kasoma wee, kukandika hajui.

Alhamisi, 7 Agosti
Injinia kaenda kuswali adhuhuri. Haraka nikamwaga maji ya kikombe cha mashine yetu, nikasogeza jiko la mkaa. Udongo ukakauka kama kigae. Nikaugonga: ko! Machozi ya fahari yakanilenga.

Injinia karudi, kashika kichwa. Nani kafanya hivi? Nikasema mimi, wala usinishukuru. Hakunishukuru. Udongo umepasuka, kipimo kimeharibika, lazima wakachimbe mwingine. Eti, "Dada yangu, kule baharini nani atausogezea jiko?" Anataka kuujua ukiwa na maji yake, kama ulivyolala huko chini. Kanitoa chumbani, sasa nafagia uwanja. Uwanja ni mkubwa kuliko chumba. Nimepandishwa cheo.

Jumamosi, 23 Agosti
Majibu yametoka! Injinia kakusanya watu wa pande zote mbili. Moyo wangu ulidunda mpaka Warda akaamka. Udongo wa ng'ambo ni mgumu, kweli, lakini maji ya kule ni mafupi, boti zitakwama. Gati ni letu! Udongo wetu utadidimia, ila sasa wanajua utadidimia kiasi gani. Watamwaga mawe kwanza, yaukandamize, maji yaukimbie polepole mpaka utulie. Halafu ndiyo wajenge. Kasisitiza: polepole, na mtu asiuguse. Unaweza kupita mwaka.

Mwanaamina kanipa mkono wa hongera. Kisha kaniambia Warda atalipanda gati hilo na wajukuu zake.

Mwaka mzima! Na sisi wanawake wa Salale tupo, miguu tunayo? Kesho maji yakipwa tunashuka sote topeni kucheza mdundiko, tuushindilie wenyewe. Injinia atashangaa. Mwanaamina nimemwalika, tena mstari wa mbele. Ana uzito wake yule.