Kichwa cha Kondoo Mbele ya Kamera

Jumatatu, 15 Julai
Leo nimepata cheo. Watu wa filamu wamefika malishoni kwetu kutoka mji mkuu, Ulaanbaatar. Wawili tu: Dada Enkhjin, mwongozaji, na Mzee Tulga, mpiga picha. Wanataka maisha yetu ya kila siku, sisi Wakazakhi wa Mongolia. Kikazakhi hawajui hata salamu. Na Bibi, ambaye ndiye hasa wanayemtaka, Kimongolia chake kinaishia kwenye "karibu ule". Nani amesoma kwa lugha zote mbili? Baba anajua Kimongolia cha mnadani, cha kuuzia kondoo. Binamu yangu Kuanish aliikimbia shule akafuga tai wa kuwindia. Basi mkalimani ni mimi, Jarkin, ambaye siku zote wageni wakiingia natokomea nyuma ya jiko.

Nia yangu naiandika hapa tu. Filamu itaonyeshwa ukumbini wilayani majira ya baridi. Nitaonekana ndani yake. Sauti haitoshi. Sura.

Kazi imeanza kwa shida. Dada Enkhjin kasema tuishi kama wao hawapo. Nikatafsiri. Bibi akaniuliza nimelelewa na nani, mgeni akae ndani ya hema lake halafu yeye ajifanye hamwoni? Kila kamera ilipowashwa, akaisogezea bakuli la chai. Mzee Tulga amekunywa chai ya chumvi mpaka anatembea kwa uangalifu.

Jumanne, 16 Julai
Siku ya kutengeneza zulia la sufu. Wanawake walichapa sufu kwa fimbo, wakaitandaza kwenye mkeka wa matete, wakaimwagia maji ya moto. Dada Enkhjin akamuuliza Bibi siri ya zulia zuri ni nini. Bibi akajibu: sufu safi na watu wasiopiga soga. Mimi nikatafsiri: Bibi anasema siri ni mjukuu wake, apewe nafasi ya mbele.

Sikudanganya sana. Bibi ananipenda.

Nikawekwa mbele, mguu juu ya mkeka ulioviringishwa na sufu ndani, tayari kuusukuma. Taa nyekundu ikawaka. Nikaganda. Masikio yakapata moto, shingo ikafuata. Kuanish akapita na ndoo, akasema, "Mdogo wangu, usiondoke hapo, tukubandikie birika." Wanawake wote wakacheka. Mzee Tulga, kwa huruma, akashusha kamera akapiga miguu yangu tu.

Hata hivyo, ni miguu yangu. Amesema ina tabia ya peke yake. Sijui watu wangapi wilayani wanaweza kudai hivyo.

Jumatano, 17 Julai
Kuanish amekuja na tai. Julai! Kila mtu mwenye akili anajua kiangazi tai hubadilisha manyoya, hafungui mbawa, anakaa kwenye kamba anakula na kununa. Tai huyu alikuwa kama amepigana na paka akashindwa. Kuanish mwenyewe alikuwa amevaa kofia ya manyoya ya mbweha, jasho likimchuruzika hadi kidevuni.

Dada Enkhjin akasema kwa upole kwamba ndege apumzike, maisha ya kawaida yanamtosha. Nikamtafsiria Kuanish: anasema kuku wako arudishwe bandani.

Kuanish akamfunika tai kwa koti lake, akaondoka naye taratibu. Niliumia kidogo kwa ajili ya tai.

Baba alikuwa mlangoni anafunga hatamu. Akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani alivutiwa na ufasaha wangu.

Alhamisi, 18 Julai
Kesho wageni wanaondoka, kwa hiyo leo Baba alichinja. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: katika karamu, kamera itafuata kichwa cha kondoo. Kichwa huwekwa mbele ya mgeni mkubwa, naye hukata sikio akampa mtoto mdogo. Mwenye kichwa ndiye mwenye filamu.

Asubuhi nikamvuta Mzee Tulga pembeni. Nikamwambia kwamba kwetu, mgeni mwenye adabu hukipokea kichwa, kisha humkabidhi mkalimani, kwa sababu yeye ndiye ulimi wa nyumba. Akanishukuru sana kwa kumwokoa na aibu.

Jioni sinia likaja. Baba akamwekea Mzee Tulga kichwa, uso ukimwelekea. Mzee Tulga akainama, akakinyanyua kwa mikono miwili, akaniwekea mimi. Dada Enkhjin ndiye aliyeshika kamera. Taa nyekundu. Safari hii sikuganda. Nikashika kisu kama mwanamume, nikalishika sikio.

Mikono yote iliyokuwa ikielekea kwenye sinia ikarudi.

Sijui nilisahauje. Kitu hiki hata watoto wanaonyonya wanakijua. Kwetu, mwenye baba aliye hai hakigusi kichwa. Anayekikata ameshamzika baba yake. Na baba yangu alikuwa amekaa pale pale, ana kipande cha mkate mkononi.

Bibi akaweka bakuli chini, akajifunika uso kwa kitambaa. Baba ni mwanawe wa pekee aliyebaki. Nikaona mabega yake yanatetemeka, na kwa mara ya kwanza wiki hii sikufikiria sura yangu.

Baba akatafuna, akameza.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Ila sikio nipe mimi. Marehemu ana njaa."

Bibi akafunua uso. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Kuanish alianguka chali kwenye mito kwa kucheka. Baba akanitoa kisu mkononi, akamrudishia Mzee Tulga kichwa, akamweleza kila kitu kwa Kimongolia. Kimongolia kizuri kabisa. Huo mnada unafundisha kuliko nilivyodhani.

Kisha akamwambia Kuanish, kwa Kikazakhi, maneno halisi ya Dada Enkhjin kuhusu tai. Kuanish akaacha kucheka. Nikatamani nyuma ya jiko, lakini palikuwa na watu.

Ijumaa, 19 Julai
Kabla ya kuondoka, Dada Enkhjin alituonyesha vipande kwenye kioo kidogo. Bibi anasogeza bakuli. Bibi anasogeza bakuli tena. Amesema filamu itaanza hivyo. Halafu kisu changu. Akamwomba Baba ruhusa ya kukitumia kipande hicho.

Sote tukamgeukia Baba. Angesema hapana, ningebaki miguu tu.

Baba akafikiri. Akasema si kila mtu anabahatika kula kwenye matanga yake mwenyewe, acheni watu waone. Bibi akatema mate pembeni kufukuza balaa, akawatakia wageni safari njema.

Basi nimo! Sura nzima, masikio yote mawili, na kisu. Kuanish amenikumbusha kwamba wilaya nzima itaniona nikimzika baba yangu. Nimemwambia ndiyo, wilaya nzima.

Jumatatu, 22 Julai
Alhamisi daktari wa mifugo anakuja, Mmongolia, mgeni hapa. Baba atakuwa machungani. Ameniomba nimtafsirie Bibi, neno kwa neno, na amelirudia hilo huku amenishika bega. Nimeahidi.

Farasi wa Kuanish, yule anayejivunia, ana afya njema kabisa. Lakini Bibi, kwa Kimongolia changu, ana wasiwasi naye sana. Anaona apigwe sindano. Ile kubwa.