Habari za Kidole Kilichonyoosha Kiti

Njooni, enyi wenye masikio mawili, na hata ninyi mliobakiwa na moja linalosikia vizuri! Sogeeni, mketi, mwache kutafuna. Wewe wa nyuma, zima hiyo simu, kwa maana ninayotaka kuyanena leo si habari za wafalme waliokatana vichwa kwa ajili ya mipaka. Hizo zimesimuliwa mpaka zimechuja. Mimi nasimulia vita ya mawifi wawili, na picha mbili, na ukuta mmoja mweupe, na kidole kimoja cha shahada kilichotenda siku ile jambo ambalo majeshi yenye mizinga yasingethubutu kulijaribu. Ewe ulimi wangu, usiniaibishe mbele ya watu hawa.

Alikuwako, basi, Wifi Mkubwa, Bingwa wa Brashi Pana, Mama wa Masufuria, ambaye tangu ujana wake hakupata kuchora kitu kingine isipokuwa sufuria: sufuria iliyoungua, sufuria iliyobonyea, sufuria kubwa kuliko mlango. Na alikuwako Wifi Mdogo, mke wa kaka yake, Malkia wa Viti Vitupu, aliyechora viti ambavyo hakuna aliyevikalia wala dalili ya atakayekuja kuvikalia. Walichorea katika chumba kimoja, wakachangia kopo moja la tapentaini ya kuoshea brashi, na kila mmoja alimwambia mwenzake ukweli kuhusu kazi yake, jambo ambalo hata mume hamfanyii mtu.

Ikawa siku moja, mbele ya wageni, Wifi Mkubwa akaropoka, “Wifi, kiti chako kinainama!” Wageni wakaangua kicheko. Wifi Mdogo akafunga brashi zake kwenye taulo, akatoka asiage. Tangu hapo hawakupikika chungu kimoja. Kaka mtu, maskini ya Mungu, kila sikukuu akawa anakula mchana mara mbili, kwa dada kisha kwa mke, na kote anaulizwa kwa nini hali vizuri. Tumbo lake likawa ukumbusho wa vita ile.

Miaka ikapita, hata Mkurugenzi wa jumba la makumbusho, ambaye hakujua lolote, akawaalika wote wawili katika maonyesho aliyoyaita “Wawili, Ukuta Mmoja”. Mwadhani walikataa? Thubutu! Kila mmoja alikubali upesi kwa kuamini kwamba mwenzake ndiye atakayekataa. Kisha kila mmoja akaweka sharti: picha yangu haitundiki mtu mwingine. Kwa hiyo Wifi Mkubwa akaja na nyundo yake mwenyewe, akatundika sufuria yake, akarudi nyuma, akainamisha kichwa kushoto kama ilivyo desturi yake, akafumba jicho moja, akajisifu: imenyooka. Wifi Mdogo akaja baadaye, na nyundo yake, akatundika kiti chake.

Siku ya ufunguzi ikawadia. Wifi Mkubwa akaingia ukumbini na gauni lake la kijani, kifua mbele, akainua macho, na lo!

Kiti kilikuwa kimeinama.

Safari hii si kwa uchoraji. Kiti chenyewe kilichorwa kikachoreka. Picha ndiyo iliyokuwa imekwenda upande, fremu nzima, na kiti kikaonekana kinataka kummwaga mtu asiyekuwepo. Oneni sasa dhiki ya shujaa wetu! Akisema, atakuwa amerudia neno lile lile lililovunja nyumba. Akinyamaza, Mkurugenzi atawaambia watu wageuke watazame, nao watacheka tena. Na kilichomuuma zaidi, kilichomnyima usingizi miaka yote ile, si neno lile. Ni kwamba wageni walipocheka, naye alicheka. Alimkumbuka wifi yake kila siku, na hakujua aanzie wapi.

Akapiga moyo konde, akaielekea picha. Ndipo alipokutana na Mlinzi wa Kamba Nyekundu, Jabali la Sare, Asiyepepesa.

“Mama,” akanena Mlinzi, “mwisho hapo.”

“Mimi ni mchoraji.”

“Wa kiti?”

“Wa sufuria.”

“Basi nenda kwenye sufuria yako. Nayo usiiguse.”

“Ewe kijana wa watu!” akanguruma Wifi Mkubwa, mkono juu. “Je, mama yako alikulea ili uitazame aibu ya mwanamke mwenzake ikining'inia ukutani, nawe umesimama tu umeshika kamba? Nakuomba nafasi ya kidole. Si mkono, si kiganja, kidole! Historia itakuuliza ulisimama upande gani!”

Mlinzi akafikiri kwa kina.

“Maneno mazuri sana, mama,” akasema. “Lakini kugusa hakuna.”

Wakati huohuo Mkurugenzi akapanda jukwaani, akahutubia juu ya rangi na uzalendo, watu wakapiga makofi, na Mlinzi, aliyefunzwa adabu, naye akaachia kamba ili apige makofi. Hapo! Wifi Mkubwa akajikaza kisabuni, akainama, magoti yakalia kwa sauti, akapita chini ya kamba kwa makalio kwanza, akainuka upande wa pili akiwa na utando wa buibui kichwani. Akanyoosha kidole. Akaisukuma fremu kwa pembe. Ikapitiliza! Akairudisha. Ikasita, ikatetemeka, ikatulia.

Makofi yakakoma. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama. Wifi Mdogo pia, na kidole kilikuwa bado kwenye fremu yake.

Akaja, Malkia wa Viti, viatu vikigonga sakafu. Kaka mtu akafumba macho. Mlinzi akasogea pembeni, kwa kuwa hakuajiriwa kwa mambo ya ukoo. Wifi Mdogo akampita Wifi Mkubwa, akapita kiti chake, akasimama mbele ya sufuria, akaweka kidole chake kwenye pembe, akaisukuma.

“Inamwagika tangu asubuhi,” akasema. “Nimekosa raha kabisa.”

“Inamwagika? Hii? Nimeitundika mwenyewe!”

“Ndiyo maana. Ukitazama kazi yako unalaza shingo kushoto. Tangu zamani. Nani angekwambia, na mimi sikuwepo?”

Wifi Mkubwa akaigeukia picha ya kiti.

“Na wewe unalaza kulia,” akasema taratibu.

“Najua. Uliniambia mbele za watu.”

“Nilikosea, wifi. Na nikacheka.”

“Ulicheka sana.”

“Nilicheka sana. Nisamehe.”

 Wifi Mdogo akamtoa ule utando wa buibui kichwani, akaufuta kwenye gauni la kijani.

“Sikukuu hii mje kwangu,” akasema. “Na huyu kaka yako asile kwako kwanza.”

Kaka mtu akakaa chini sakafuni. Wageni, wakidhani yote yale ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi kwa nguvu mpya, na Mkurugenzi akainama kupokea pongezi. Mlinzi aliirudisha kamba mahali pake, mawifi wote wawili wakiwa ndani.

Basi waandike wenye kuandika, wachonge wenye mawe, kwamba siku ile ukuta ule ulinyooka, nao waliounyoosha hawakumwaga damu, ila magoti yaliuma wiki nzima. Wifi Mkubwa akarudi nyuma kidogo autazame ushindi wake. Akafumba jicho moja, akakunja uso.

“Wifi, samahani, lakini hicho kiti…”

“Shingo, wifi.”

Akainyoosha shingo, na kiti kikanyooka.