Mkate Umebaki Vipande Vingapi

Jumatatu, 4 Agosti

Chiriku ameondoka asubuhi kwenda kwa mama yake, aliyejifungua. Tutamwona wiki ijayo. Kishikwambi cha shule ameniachia mimi, maana kule mtandao haushiki. Akaniambia, bibi, usikiguse, mimi nimeshaongea na mwalimu. Usikiguse! Mimi niliyemfuta makamasi huyo mtoto. Hasira zikanipanda, mengine aliyosema sikuyasikia.

Kishikwambi si mchezo. Shule haina mwalimu wa hesabu tangu yule wa kwanza ahamishwe. Hesabu zote za darasa la sita zimo humo ndani, pamoja na mwanamke anayezifundisha, sauti laini kama anauza manukato. Mtoto akijibu, majibu yanakwenda yenyewe kwa mwalimu wa darasa. Chiriku anataka kuwa mhandisi. Bila kishikwambi atakuwa mhandisi wa kufagia uwanja.

Jioni akaja jirani Redio. Tunamwita hivyo kwa sababu hazimiki. Akasema amesikia kishikwambi kisichofunguliwa kinarudishwa shuleni, apewe mtoto anayefuata kwenye foleni. Na anayefuata nani? Mjukuu wake. Akanipa pole kabisa, shoga yangu, usihuzunike, ni mambo ya serikali. Pole ya fisi kwa mbuzi.

Nimefunga mlango. Nimekitoa kabatini. Tuone sasa nani atasema hakifunguliwi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefanya masomo ya Chiriku. Nilisoma mpaka la tatu, na hilo la tatu nilitolewa katikati nikalee wadogo zangu, lakini akili haitolewi na mtu.

Swali la kwanza. Bomba moja linajaza tangi kwa saa tatu. Bomba la pili linalitoa maji yote kwa saa sita. Litajaa kwa saa ngapi? Mtu mzima gani anajaza tangi huku linamwagika? Unaziba la pili kwanza. Nikaandika tatu. Mwanamke wa ndani akasema nimekosea, nijaribu tena. Nikaandika tatu tena, nikabonyeza kwa nguvu.

Swali jingine. Mama amekata mkate vipande vinane. Watoto watatu wamekula kimoja kimoja. Vimebaki vingapi? Hilo nililifurahia, maana nimelea saba. Nikaandika sifuri. Akasema nimekosea. Nikamwambia aje hapa na mkate wake aone.

Tukabishana hivyo mpaka mboga ikaungua. Mwisho akasema, kwa upole uleule, turudi nyuma kidogo, na juu ya kioo pakaandikwa darasa la nne.

Sikukielewa kile kitu mara moja. Halafu nikakielewa. Nimemshusha mtoto wa watu madarasa mawili kabla ya chakula cha mchana.

Jumatano, 6 Agosti

Sijala vizuri. Chiriku alipanda ngazi hizo mwaka mzima, hatua kwa hatua, kibatari usoni siku umeme ukikatika. Na mimi nimemsukuma kwa kidole kimoja.

Nimekwenda kwa kinyozi, maana vinyozi wanajua yote. Sikumwambia hesabu ni za nani, nilisema ni za mtu ninayemfahamu. Akasema siri ya mtihani wa kuchagua ni moja, jibu la kweli ni la tatu, walimu hupenda kulificha hapo. Nikamuuliza mbona yeye alifeli. Akasema yeye mwaka wake walilihamisha.

Nimerudi, na kwenye maswali ya kuchagua nikabonyeza jibu la tatu, la tatu, la tatu. Tukashuka darasa la tatu. Tukashuka la pili. Nilipofungua macho kulikuwa na sungura mwenye kofia anaimba herufi, akinipigia makofi kwa sababu nimeujua mpira.

Chiriku yuko darasa la kwanza.

Alhamisi, 7 Agosti

Ujumbe umeingia kwenye simu yangu. Mwalimu anaomba kuniona kuhusu maendeleo ya mtoto. Maendeleo! Nimekificha kishikwambi kwenye pipa la unga, nimekifunga kwanza kwa mfuko wa plastiki, mimi si mjinga.

Mchana akaja, kijana mwembamba, shati limechomekwa. Akapiga hodi. Nikajibana nyuma ya mlango, kando ya pipa. Akapiga tena. Redio, kutoka ng'ambo ya ua, akamtangazia kwamba nimo, amenisikia sasa hivi nikimtukana kuku. Mwalimu akasema kupitia mlangoni, kwa adabu, bibi, si jambo baya, ni kukueleza tu. Wote husema hivyo. Hata mwizi husema hodi. Vumbi la unga likanipanda puani, nikabana chafya mpaka machozi yakatoka.

Akaondoka. Redio akacheka kwa sauti ili nisikie. Nikasikia.

Hapo ndipo nilipoamua. Kama mimi ndiye niliyemshusha mtoto, mimi ndiye nitakayempandisha. Mwalimu akirudi akute yuko la sita, na asijue alikuwa wapi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimempiga sungura darasa la kwanza lote. Amepiga makofi mpaka nikamhurumia mikono.

Jumapili, 10 Agosti

Tuko la tatu! Kujumlisha kwa kubeba, kutoa kwa kukopa. Ile kutoa kwa kukopa ndiyo waliyokuwa wameanza siku niliyotolewa shule. Nilikuwa sijawahi kujua inaishaje. Inaisha vizuri.

Yule mwanamke si mbaya ukimzoea. Ukikosea hasimulii mtaa mzima. Ila kwenye mkate hatuelewani. Kila akiuleta namwandikia sifuri, kila nikimwandikia sifuri anasema nijaribu tena. Leo kauleta mara nne. Na mimi sibadiliki.

Redio ameuliza ni nani anaimba herufi nyumbani kwangu. Nikasema ni redio. Hakupenda.

Jumanne, 12 Agosti

Leo niandike pole pole.

Chiriku amerudi asubuhi. Kabla hajatua begi akauliza kishikwambi kiko wapi. Nikasema kwenye unga. Akanitazama. Kabla sijapata uongo wa kutosha, hodi, mwalimu. Nyuma ya mwalimu, Redio, amekuja kuazima chumvi na hana hata kisahani.

Nikaona mtoto anafukuzwa hesabu mbele ya adui.

Mwalimu akakaa, akakataa chai, akakubali chai. Akasema Chiriku alimuaga rasmi kabla ya kusafiri, naye akayaweka masomo yake pembeni, salama, darasa la sita vilevile, hakuna kilichopotea. Kishikwambi kingemngoja hata mwezi. Hayo ndiyo aliyokuja kunieleza Alhamisi.

Nilikaa chini. Hakukuwa na kiti, nikakaa kwenye gunia. Chiriku akasema kwa sauti ndogo, bibi, hayo ndiyo niliyokuwa nakueleza. Nikamwambia anyamaze, wakubwa wanaongea. Lakini mkono wake nilikuwa nimeushika, na sikuuachia.

Mwalimu akaendelea. Kinachomshangaza ni mtu aliyekitumia. Ameanguka mpaka la kwanza, kisha akapanda mwenyewe kwa siku chache kama moto wa nyasi. Ana nafasi mbili katika darasa jipya la watu wazima, vishikwambi vipo, na angependa kumjua mtu huyo.

Mimi nikasikia neno kutumia na neno kujua, nikadhani ni mashtaka. Nikasema ni jirani.

Redio akafungua mdomo kukana. Akaona uso wa mwalimu, jinsi unavyong'aa. Akaufunga. Akatengeneza khanga begani, akasema, naam, mwanangu, ndiye mimi, hesabu kwetu ni damu. Akapewa mkono! Nyumbani kwangu, kwenye chai yangu, akapongezwa kwa sungura wangu!

Mwalimu akasema vizuri sana, ila kuna swali moja mtu huyo amelikosa kila mara, jibu lilelile. Mkate vipande vinane, watoto watatu wamekula kimoja kimoja. Vimebaki vingapi? Redio hakufikiri hata kidogo. Vitano.

Nilijibana kama nilivyobana ile chafya. Haikubanika. Nikamwambia, vitano wapi, wewe mwanamke? Umeacha vipande vitano mezani na watoto watatu ndani ya nyumba, unatarajia kuvikuta? Ni sifuri. Ilikuwa sifuri Jumanne, ni sifuri leo.

Chiriku alicheka kwanza. Mwalimu akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema basi amempata mwanafunzi wake.

Akaniandikisha. Nafasi ya pili akampa Redio, kwa sababu alilijibu la mkate vizuri. Sawa. Na kila mtu apate. Moyo wangu ulikuwa mwepesi, ningempa hata chumvi.

Jumamosi, 16 Agosti

Nina kishikwambi changu. Kimeandikwa jina langu, kinanisalimia kila nikikiwasha, tofauti na watu wa nyumba hii.

Ila nimegundua kwamba tumeanzishwa wote darasa la tatu, na Redio jana amejitangazia uani kwamba amefika la nne. Eti mimi nang'ang'ania mkate.

Nimemwita Chiriku. Nimemwambia safari isimpotezee akili, akae hapa anisomee na anijibie kidogo, afanye mazoezi, mimi nitamshikia kioo kisiteleze. Akasema, bibi, lakini. Nikamwambia hakuna lakini kwenye elimu. Mtoto ana mkono mwepesi. Kabla ya adhuhuri tulikuwa la tano. Jioni hii tumeingia la sita. Nimetoka uani nikaanika nguo kavu, ili Redio aulize. Akauliza.

Ujumbe umeingia sasa hivi. Mwalimu anaomba kuja Jumatatu kuniona kuhusu maendeleo yangu.

Nimeshalitoa pipa la unga. Mfuko wa plastiki ninao. Safari hii nitafunga na pua.