Timu Isiyodunda Mpira

Jumanne, 4 Juni

Tumefungwa. Pointi thelathini na moja, mechi ya kwanza tu, mbele ya mataifa yote. Na mimi sikuonekana. Kiti cha mwisho kwenye benchi kakikalia daktari wa timu, mimi nikasukumwa nyuma ya kreti za maji. Kocha ni mdogo wake mke wangu, nilitegemea undugu. Undugu gani! Mama mkwe amepiga simu. Ametazama televisheni mwanzo hadi mwisho, hajaniona, anauliza kama kweli nimesafiri na timu ya taifa ya kikapu au nimejificha mahali. Nilikuwa nimemwambia mimi ni mshauri wa ufundi. Wasichana ninaowabebea maji wananiita Mjomba Chupa.

Kile kiti lazima nikipate. Kesho nakwenda kuwapeleleza wapinzani wetu wa Ijumaa, wale wa jezi za kijani.

Jumatano, 5 Juni

Nimewapata! Kumbi hapa ni nyingi, kila mmoja na mchezo wake, lakini kijani hakijifichi. Nilijilaza kifudifudi kati ya viti vya juu, tumbo kwenye maganda ya karanga. Warefu wote. Sasa kichwa kinaniuma. Hawadundi mpira hata mara moja, wanarushiana tu. Kikapu chao hakina ubao. Kifuani hawana namba, wana herufi, bila shaka ni alama za siri. Tena wako saba uwanjani, wamevaa sketi. Sijaelewa kitu, na ndiyo maana najua ni mbinu nzito.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji hakunipa nafasi. Alisema maji ya mazoezi hayajafika na mimi namletea habari za sketi. Nikaenda chumbani kwa kapteni, tunayemwita Mlingoti kwa urefu wake. Alinisikiliza kwa heshima zote mpaka nilipofika kwenye herufi, kisha akaniomba nirudie mbele ya wenzake. Nikarudia. Mmoja alidondoka kitandani kwa kicheko. Tangu Jumanne wasichana hawa walikuwa hawasemezani, kila mtu na ukuta wake. Leo wanaegemeana na kufutana machozi, na mimi sijui nimefanya nini.

"Mjomba," Mlingoti akaniambia, "hiyo ni netiboli."

Kana kwamba siijui! Dada zangu wamecheza netiboli shuleni miaka nenda rudi, na walicheza pekupeku. Hawa walikuwa na viatu. Mtoto ana miguu mirefu, akili bado inafuata.

Ijumaa, 7 Juni

Wapinzani wamedunda mpira! Mechi nzima! Wameshtukia kuna mpelelezi, hakuna maelezo mengine. Wakawabana wetu vibaya; kila aliyedunda alinyang'anywa. Robo ya tatu tuko nyuma kwa pointi kumi na nne, Shemeji akaomba muda, wakamzunguka. Mlingoti akatamka neno moja tu, netiboli. Wakacheka wote, pale pale, mbele ya kamera. Waliporudi uwanjani hakuna aliyedunda. Pasi, pasi, pasi, kikapu. Wale wa kijani wakabaki kukimbiza upepo. Tumeshinda kwa pointi mbili. Kundi letu ni la timu tatu tu, kwa hiyo tumeingia nusu fainali!

Nimelia nyuma ya kreti. Sijui kwa nini.

Baadaye Shemeji alinijia. "Shemeji, sijui nikushukuru au nikufungie chumbani. Jumapili utakaa kwenye benchi. Kaa tu. Usifanye kitu."

Mama mkwe amepiga simu. Anauliza kama yule daktari ana mke.

Jumamosi, 8 Juni

Kukaa tu? Mshauri wa ufundi hakai tu. Asubuhi nimewafuata wapinzani wa kesho, na safari hii nimekuwa makini: sketi hakuna, herufi hakuna, namba ziko mgongoni, mpira wanaudunda vizuri kabisa. Ndio wenyewe. Ajabu moja tu, wanarusha kwa mkono na kufunga chini, na mbele ya nyavu wamemsimamisha mwanamke mpana anayedaka kila kinachokuja. Kesho kabla ya filimbi nitamshauri Shemeji na sisi tuweke wetu. Daktari ana mwili wa kutosha.