Ubavu Usio na Meno

Jumatano, 11 Juni 2025

Mama Keza kasema waziwazi: anayemtaka binti yake aonyeshe kazi ya mikono. Nikaropoka kwamba natengeneza visu. Mimi! Sijawahi hata kunoa panga. Jumapili naenda kwao Nyantakara na kisu cha kumenyea ndizi, la sivyo nimsahau Keza. Nampenda mno yule binti. Sitaki kumsahau.

Alhamisi, 12 Juni

Biharamulo mjini, duka la vifaa la Bonaventura. Hajaoa, na Keza hununua misumari kwake. Misumari ya nini?

Nikaomba tupa ya kuchongea kisu. Kanipa bapa, ya meno makubwa, akasema ya kumalizia ni nyingine, yenye meno madogo. Tupa mbili kwa kisu kimoja! Nikachukua moja. Sidanganyiki.

Njiani nikaipapasa. Loo! Ubavu mmoja hauna meno kabisa! Nimeibiwa mchana kweupe.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeirudisha. Bonaventura akasema ubavu ule umeachwa hivyo makusudi, ili ukichonga karibu na mpini, tupa isile shingo ya kisu. Makusudi! Mwizi gani amewahi kusema amekosea? Nikataka yenye meno pande zote. Kanibadilishia huku ananionea huruma. Huruma ya nini, kama si kwa sababu ya Keza?

Akaongeza kwamba tupa husukumwa mbele tu, wakati wa kurudi unainyanyua. Yaani nusu ya kazi niiache! Anataka Jumapili inikute sijamaliza.

Jumamosi, 14 Juni

Nimechonga kipande cha panga kuukuu tangu asubuhi, mbele na nyuma, kwa hasira. Mchana meno ya tupa yamekwisha. Nilijua tu ni feki.

Mzee Shibuda, jirani, kapita. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akasimama kuangalia. Akasema shingo ya kisu inazidi kuwa nyembamba. Nani kamtuma? Nikahamia nyuma ya nyumba.

Kisu kimekamilika. Kizuri jamani!

Jumapili, 15 Juni

Mama Keza kanikaribisha vizuri. Mno, ukiniuliza. Akakijaribu kisu, ndizi ya kwanza ikamenyeka. Ya pili, kap! Yeye kabaki na mpini, chuma kimezama kwenye beseni. Aibu! Nilitamani kulia.

Hakunigombeza. Akanishika viganja, akaona malengelenge, akasema kazi nimefanya kweli, kisu nitajifunza, mwezi ujao nije na wazee wangu tuzungumze. Keza akainama akitabasamu.

Hapo hapo nikashtuka. Kisu kimevunjika, halafu naambiwa nilete wazee? Nikauliza, kwa heshima zote, binti ana kasoro gani wanayoificha.

Mama Keza akanirudishia mpini wangu, akasema wazee wapumzike tu nyumbani kwao. Keza akabeba beseni, akaingia ndani, akafunga mlango. Kwaheri hakuna.

Nimewaza njia nzima mpaka nyumbani Nyamahanga. Roho inaniuma, sifichi. Lakini mtu asiye na siri angekasirika vile kwa sababu gani? Nimeponea chupuchupu.